Figo Mbili, Stakabadhi Moja

Mhadhara kwa wanafunzi wa afya na wananchi, Mtwara, wiki ya Siku ya Figo Duniani

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, habari za asubuhi. Poleni na mvua, naona wengine mmeingia na viatu mkononi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupima kazi ya figo kwa mashine ya MRI, ile ya sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili. Nitafika huko. Lakini naomba tuanzie ghalani, maana katika ukumbi huu hakuna asiyelijua ghala la korosho.

Chukueni ndugu wawili, kaka na mdogo wake, wamerithi mashamba mawili ya mikorosho kwa mjomba wao. Korosho zao wanazipeleka chama cha msingi kwa jina moja. Karani anapima mzigo wote pamoja, anaandika stakabadhi moja. Mwaka juzi kilo 1,000, mwaka jana kilo 1,000, msimu huu tena kilo 1,000. Ukiitazama stakabadhi utasema mambo ni shwari. Kumbe shamba la mdogo limeingiwa na ubwiriunga, nusu ya mikorosho imekauka maua, na kaka ndiye aliyepalilia zaidi na kupuliza salfa zaidi mpaka akalifidia pengo. Karani hakukosea, wala mizani haikudanganya. Ila mizani haijui mashamba, inajua jumla. Anayetaka kujua hali ya shamba la mdogo hana budi aingie shambani, atembee mkorosho kwa mkorosho.

Kipimo cha damu tunachokitumia kila siku, cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, ni ile stakabadhi. Figo ni mbili, na kila moja ina vichujio vidogo vinavyoitwa nefroni, kama milioni moja hivi. Vikifa vya upande mmoja, vya upande wa pili vinaongeza kazi. Ndiyo maana mtu anaweza kumtolea ndugu yake figo moja akaishi vizuri: ile iliyobaki inakua na kubeba sehemu ya mzigo wa mwenzake. Ni neema kubwa. Lakini neema hiyohiyo inatuficha ugonjwa. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake, karatasi ya maabara ikaendelea kuandika kwamba yuko ndani ya kiwango.

Nina mjomba wangu, marehemu sasa, mkulima wa Newala. Alikuwa mrefu, mwembamba kama mlingoti, na presha alikuwa nayo miaka mingi. Dawa akinywa siku anazojisikia vibaya, siku nyingine anaziacha. Akiwa na miaka 68 alipimwa kreatinini kwa mara ya kwanza. Jibu likaja la kawaida. Wakati huo mimi nilikuwa tayari nasoma udaktari, akanipa karatasi niisome, nikaisoma, nikamwambia, "Mjomba, figo zako nzima." Miezi 14 baadaye miguu ilikuwa imevimba, kichefuchefu hakimwachi, na figo zote mbili zimesinyaa. Nililielewa kosa baadaye sana. Kreatinini inatoka kwenye misuli. Mtu aliyeishiwa misuli anatengeneza kidogo, kwa hiyo hata figo zikilegea, kiasi kinachobaki kwenye damu kinaonekana kidogo. Namba ileile ambayo kwa kijana mbeba mizigo bandarini ni nzuri, kwa mzee mwembamba inaweza kuwa kilio.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Namba ya kreatinini huingizwa kwenye kanuni ya hesabu ili kukadiria kasi ya figo kuchuja. Kanuni iliyotungwa Marekani mwaka 2009 ilikuwa ikimwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16 juu ya jibu lake, kwa sababu ya rangi tu. Mwaka 2021 nyongeza hiyo iliondolewa. Lakini katika miaka ile, Mwafrika aliyekuwa anaelekea kuishiwa figo aliweza kuandikiwa na kompyuta kwamba ana nafuu asiyokuwa nayo. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na wanafunzi mtakaoshika kompyuta za maabara, angalieni zinatumia kanuni ipi.

Basi tuingie shambani.

Figo mbili kwa pamoja zina uzito wa gramu 300 hivi, hazifiki hata nusu ya asilimia moja ya uzito wa mtu mzima. Lakini katika kila lita tano zinazosukumwa na moyo, karibu lita moja inapita kwenye figo. Kila dakika. Kwa siku zinachuja lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Kina mama, hizo ni ndoo tisa za lita ishirini. Katika ndoo tisa hizo, karibu yote yanarudishwa mwilini, na yanayotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi. Kuchuja si kazi ngumu kwa figo, presha ya damu ndiyo inayosukuma. Kazi ngumu ni kurudisha: kuchagua chumvi, sukari na maji, kimoja kimoja. Kazi hiyo inakula oksijeni nyingi.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo mimi nikilifikiria nawakumbuka watu wa Newala. Mnaifahamu Newala ya zamani. Ukisimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde unauona mto Ruvuma unang'aa kule bondeni, maji yasiyokwisha. Na huku juu mama anaamka usiku kwenda kutafuta ndoo moja. Maji yanaonekana kwa macho, nyumbani hayapo. Figo iko hivyohivyo. Sehemu ya nje, gamba lake, inapata damu tele. Sehemu ya ndani, kiini chake, ambako chumvi inapandishwa kwa nguvu, inaishi na oksijeni kidogo mno, inafanya kazi ukingoni siku zote. Ndiyo maana mtu akiharisha sana, akipoteza damu uzazini, akipata malaria kali, au akimeza diklofenaki kila siku kwa maumivu ya mgongo, kiini ndicho kinachotangulia kuumia. Hakina akiba.

Sasa, kreatinini haitakuambia kitu juu ya kiini. Kukata kinyama kwa sindano kutakuambia, lakini kipande chenyewe ni kidogo kama uzi, kinatoka sehemu moja tu ya figo moja, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Ndipo sumaku inapoingia.

Naomba nieleze mashine yenyewe bila haraka, maana watu wengi wanaiogopa bure. Mwili kwa sehemu kubwa ni maji, na kila tone la maji lina haidrojeni. Kiini cha haidrojeni, protoni, kina tabia ya kisumaku kidogo kinachozunguka. Ukimlaza mtu ndani ya sumaku kubwa, visumaku hivyo vinaanza kuyumba kwa mwendo mmoja. Sumaku iliyozoeleka ina nguvu ya tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Ndani yake protoni zinayumba mara milioni 64 kwa sekunde, yaani megahezi 64. Redio za FM mnazosikiliza ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo ni jirani tu: mashine inazungumza na maji ya mwili wako kwa mawimbi ya redio.

Na inazungumza kwa kuotea mwendo. Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma ovyo ovyo haendi popote. Ukimsukuma pale tu anapofika kwako, kwa kidole kimoja unampandisha juu. Wimbi la redio likilingana na mwendo wa protoni, protoni zinapanda. Likizimwa, zinarudi zilikokuwa, na katika kurudi zinatoa sauti yao ya redio ambayo mashine inaipokea. Maji yaliyo huru yanarudi kwa mwendo wake, yaliyobanwa kwenye nyama kwa mwendo mwingine, na yaliyo karibu na damu isiyo na oksijeni kwa mwendo mwingine tena. Paul Lauterbur wa Marekani alionyesha mwaka 1973 namna ya kuzigeuza sauti hizo kuwa picha, na Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akaifanya kazi hiyo iwe ya haraka. Mwaka 2003 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Ile kauli ya mwisho niliyosema, damu isiyo na oksijeni, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tangu mwaka 1936 wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell walikwisha kuona kwamba hemoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, lakini ikishaishusha oksijeni yake, inavutwa. Yaani kila chembe nyekundu ya damu inabeba alama ya sumaku inayosema nimebeba au sijabeba. Mwaka 1990 Seiji Ogawa akaitumia alama hiyo kwenye ubongo. Mwaka 1996 Pottumarthi Prasad na wenzake wakaipeleka kwenye figo, na walichofanya ni kizuri kwa urahisi wake. Waliwapiga watu wazima wa afya picha ya sumaku, kiini cha figo kikaonekana kina oksijeni kidogo. Wakawapa furosemidi, dawa ya kukojosha ambayo kila zahanati inaijua, inayozuia ile kazi ngumu ya kupandisha chumvi. Wakapiga tena. Oksijeni ya kiini ikaongezeka. Mfanyakazi alipumzishwa, pumzi ikamrudia, na watu wakaliona hilo kwa macho bila sindano kuingia kwenye figo.

Mtu wa Lausanne, Uswisi, anayefuatilia wagonjwa wa figo kwa njia hii atawaambia kwamba wale ambao gamba la figo zao lina oksijeni kidogo ndio ambao figo zao zinashuka haraka miaka inayofuata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Lakini mniruhusu niseme na upande wa pili, maana mhadhara si tangazo la dawa. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani waliwapima wagonjwa 400, wakakuta kwamba oksijeni inayoonekana kwenye picha haiendi sambamba na kasi ya kuchuja. Sababu mojawapo mtaiona wenyewe mkifikiri: figo iliyokufa nusu haifanyi kazi, na isiyofanya kazi haili oksijeni, kwa hiyo inaweza kuonekana ina oksijeni ya kutosha. Shamba lililotelekezwa halitumii mbolea. Tena kunywa maji mengi kabla ya kipimo, kula chumvi, kupungukiwa damu, vyote vinabadilisha picha. Kipimo kinachotegemea hali ya damu, katika nchi yenye selimundu na upungufu wa damu wa malaria, lazima kisomwe na mtu anayezijua hali hizo. Kwa mgonjwa wa selimundu gamba la figo linaweza kutokea jeusi kwenye picha kwa sababu ya madini ya chuma kutoka kwenye chembe zilizovunjika, na asiyejua atasema oksijeni imekwisha.

Njia ya pili ni kupima damu inayoingia. Mashine inaigeuza sumaku ya maji yaliyo kwenye damu ndani ya mshipa mkuu, kabla hayajafika kwenye figo, inasubiri sekunde moja na kitu, kisha inapiga picha. Ni kama mtoto anayetupa jani mtoni, halafu akakimbilia daraja la chini kuangalia limefika lini na wapi. Damu yenyewe ndiyo jani, hakuna kinachodungwa. Kwa figo moja moja tunajua gamba linapata damu kiasi gani. Figo ya kushoto ikiwa mshipa wake umeziba nusu, hapa inajitoa hadharani hata kama ya kulia inaificha kwenye kreatinini.

Kuna njia ya kupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama ya figo, ambayo husaidia kukisia makovu. Na kuna ya kutazama mpaka kati ya gamba na kiini, ambao kwenye figo yenye afya unaonekana wazi na kwenye figo inayochoka unafifia. Sitakaa huko.

Njia ambayo imekwisha kukubalika rasmi ni ile rahisi kuliko zote, ukubwa. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao figo zinajaa vifuko vya maji mpaka tumbo linaonekana kama la mjamzito. Huko Marekani walifuatilia wagonjwa 241 wa aina hii kwa MRI, mwaka hadi mwaka, na matokeo yakatoka mwaka 2006. Figo zilikuwa zinakua kwa karibu asilimia 5 kila mwaka. Na wengi wao, katika miaka hiyohiyo, kasi ya kuchuja ilikuwa bado nzuri. Ndugu zangu, hapo ndipo mahali penyewe. Stakabadhi inasoma kilo 1,000, na shambani ubwiriunga unapanda mti baada ya mti, na sasa unaweza kuhesabu ni miti mingapi kwa mwaka. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakubali ukubwa wa figo zote mbili utumike kutabiri mgonjwa yupi ataharibikiwa mapema, ili majaribio ya dawa yasisubiri mtu afike kwenye mashine ya kusafisha damu.

Niseme neno juu ya dawa ya kung'arisha picha. Ina madini ya gadolini, inadungwa mshipani, na kwa kuifuatilia inavyoingia na kutoka unaweza kukokotoa kasi ya kila figo kuchuja. Lakini kuanzia mwaka 1997 walionekana wagonjwa wa figo ambao ngozi zao zilikuwa zinakakamaa kama gome, viungo vikashindwa kukunjika. Mwaka 2006 ndipo ilipotambulika kwamba walikuwa wamedungwa gadolini ya aina za zamani, na figo zao zilishindwa kuitoa. Aina mpya zimefungwa vizuri zaidi na hatari yake ni ndogo sana. Hata hivyo mgonjwa wa figo anayepelekwa MRI popote anayo haki ya kuuliza, "Nitadungwa kitu? Kipi?" Njia tatu nilizozieleza, ya oksijeni, ya damu na ya ukubwa, hazihitaji sindano yoyote.

Tulipofika hapo palikuwa na maswali, nitayaandika yale mawili yaliyonikaa.

Mama mmoja wa Shangani aliuliza kama mashine inaunguza matumbo, maana jirani yake alirudi akisema amepigwa mionzi. Nilimjibu: mama, eksirei na sitiskani ndizo zenye mionzi ya namna hiyo. MRI haina. Ina kelele, kama mtu anagonga bati karibu na sikio, utavishwa vizuia kelele. Utalala kama nusu saa mpaka saa nzima, utaambiwa ubane pumzi mara kwa mara kwa sababu figo inapanda na kushuka unapohema. Hatari yake ni chuma. Sumaku ile haizimwi, hata umeme ukikatika ipo, kwa hiyo mwenye kifaa cha moyo, mwenye kipande cha chuma jichoni kwa kazi ya uchomeleaji, aseme kabla hajaingia. Na mtungi wa oksijeni wa chuma usiingizwe kabisa, utaruka kama mshale.

Kijana mmoja, tabibu wa zahanati ya huku ndani, aliuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: yote haya yanamsaidia nini mtu wa kijijini ambaye hata mashine haijui? Nilimwambia kweli. Mashine hii ni ghali, wataalamu wa kuisoma ni wachache, na njia nyingi nilizozitaja bado ni za utafiti hata Ulaya. Ninachokitaka ni kwamba hospitali za kanda zinapopata MRI, zisiitumie kwa mgongo na ubongo tu. Viwango vya kawaida vya figo kwenye sumaku vimepatikana kwa kupima zaidi watu wa Ulaya, Marekani na Japani. Figo ya mtu anayelima juani tangu alfajiri, aliyepata kichocho utotoni, aliyeugua malaria mara ngapi sijui, nani ameipima akaandika? Mtafiti wa kuipima akitoka Masasi au Kilwa, ataijua bila kuambiwa.

Na kwa huyo wa kijijini, nikaendelea, anza na mambo matatu. Presha. Kichocho: huku pwani kimezoeleka mpaka mtoto wa kiume akikojoa damu tunasema amekua, na kumbe kinaweza kuziba mirija, figo ikajaa mkojo na kuvimba. Hilo halihitaji MRI, altrasaundi inaliona kwa dakika tano, na dawa yake, prazikwanteli, ipo. La tatu ni kijiti cha mkojo. Protini kwenye mkojo inaonekana mapema, wakati kreatinini bado inasema salama. Mkojo wa mjomba wangu haukupimwa hata siku moja, na mimi sikuuliza.

Sasa mvua imepungua. Meza ya presha iko pale barazani upande wa kushoto, wazee watangulie. Vijiti vya mkojo viko chini ya mwembe kwa yule dada aliyevaa koti jeupe, vikopo anavyo. Hakuna malipo. Wenye presha na kisukari msiondoke bila kupita kwake, na akikuandikia uende altrasaundi, karatasi uje nayo kwangu, nitakuwa hapa mpaka saa kumi.